Kadi Namba Thelathini na Moja

Kompyuta ilikuwa tupu. Haikuwa mbovu hata kidogo. Iliwaka upesi kuliko siku ilipoletwa, ikamkaribisha mwenyewe na kumuuliza angependa lugha gani, kana kwamba ndiyo kwanza imetoka kwenye boksi. Hilo ndilo lililomliza.

"Video mia sita na arobaini," alisema yule mwanamke, amesimama mbele ya kaunta, mkoba bado uko begani. "Miaka kumi na moja nimezikusanya. Jana mmenirudishia, nimeiwasha nyumbani, hakuna hata moja. Na bado inachemka vile vile!"

Alikuwa mwalimu wa shule ya watoto viziwi. Katika video zile walikuwamo wanafunzi wake wa miaka yote, wakionyesha ishara walizokuja nazo kutoka makwao, ishara ambazo hakuna kitabu kilichowahi kuziandika. Alikuwamo pia mlinzi wa shule, mzee aliyezaliwa kiziwi, aliyejua ishara nyingi kuliko walimu wote wakijumlishwa. Mlinzi huyo alifariki mwaka jana.

Karakana ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu, na wafanyakazi wake hawakuzidi wanne. Bosi, mwanamke mrefu asiyepoteza maneno, ndiye mwenye mali. Kipanya, baba wa watoto wawili mwenye ndevu za kutosha, alikaa kaunta. Mzee Koleo alikuwa fundi mkuu, na meza ya dirishani ilikuwa yake tangu karakana ifunguliwe. Wa nne alikuwa Nesi, ambaye siku hiyo, Alhamisi, alikuwa anatimiza siku ya nne kazini.

Nesi hakuwahi kumchoma mtu sindano. Alikuwa msimamizi wa usafi hospitalini kwa miaka kumi na sita, ila Kipanya aliposikia neno hospitali likamtosha, akambandika jina. Ufundi wa kompyuta aliusomea jioni kwa miaka miwili, mama mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, akibanana na vijana kwenye dawati. Siku ya usaili Bosi alisita. Mzee Koleo ndiye aliyeingilia kati. "Mpe bisibisi tumwone," alisema, na baada ya nusu saa akaongeza, "Huyu tumchukue. Anafungua kitu akijua atakifunga." Tangu Jumatatu Nesi alikuwa anafika dakika ishirini kabla mlango haujafunguliwa, akasimama ngazini anatabasamu peke yake. Jumanne alifufua kompyuta yake ya kwanza, akatoka nje kumpigia mwanawe simu kumwambia neno moja tu: imewaka. Furaha ile yote alijua nani wa kumshukuru.

Sasa Bosi alikuwa anamtazama mtu huyo huyo.

"Kadi iko wapi, mzee?"

Sheria ya karakana ilikuwa moja. Kila kompyuta inayoingia hupewa kadi yenye namba na kazi inayotakiwa. Fundi haigusi mpaka asome kadi, na akimaliza huichomeka kadi kwenye msumari mrefu ukutani. Bosi alizipekua zilizokuwa pale msumarini. Ishirini na tisa, thelathini, thelathini na mbili. Thelathini na moja haikuwepo.

"Imepotea," alisema Mzee Koleo. "Niliifuta mimi. Andika hivyo."

"Bila kadi?"

"Nimesema niliifuta mimi."

"Sheria hii uliitunga mwenyewe."

"Najua."

Bosi alimgeukia mwalimu. "Rudi saa kumi jioni, mwalimu. Nitakuwa na maelezo, au nitakuwa nimepungukiwa fundi. Anayefuta mali ya mtu bila kadi hana meza hapa, hata kama meza ni ya dirishani."

Mwalimu aliondoka, Bosi akamsindikiza hadi chini. Nesi alimfuata Bosi ngazini, akamdaka njiani.

"Nipe mpaka hiyo saa kumi."

"Ukafanye nini?"

"Hospitalini nilikuwa natafuta mashuka yaliyopotea. Miaka kumi na sita. Huwa hayapotei, Bosi, huwa kuna mtu anajua yalipo."

Bosi alimwangalia juu mpaka chini. "Siku nne tu ushakuwa askari," alisema. "Haya. Lakini wateja wako wasikose huduma."

Walipanda pamoja. Kompyuta ya mwalimu ilikuwa mezani kwa Mzee Koleo, imefunuliwa tumbo, na Mzee Koleo mwenyewe hayupo. Nesi aliinama bila kugusa kitu. Mambo mawili aliyaona papo hapo. Kwanza, nafasi ya diski ilikuwa wazi. Diski imeondolewa ndani ya dakika tano ambazo yeye alikuwa ngazini. Pili, feni ilikuwa imefunikwa vumbi jeupe, limeshikamana mpaka mapanga yake hayaonekani.

Vumbi lile alilitambua. Lilikuwa la chaki. Akaenda kaunta.

"Kipanya, nifungulie daftari. Namba thelathini na moja iliingia lini?"

"Jumatatu, saa mbili na robo." Kipanya alifuata mstari kwa kidole. "Imeletwa na shemeji yake mwalimu, simu yake hii hapa. Tatizo, inachemka."

"Aliyeipokea?"

"Unaniuliza mimi? Jumatatu nilifika saa tatu, nilimpeleka mtoto kliniki. Aliyekaa hapa ni wewe, dada. Daftari nilinakili baadaye, lakini kadi uliziandika wewe."

Ni kweli. Saa yake ya kwanza kazini, bila mtu wa kumwelekeza, Nesi alipokea kompyuta moja akifurahi utadhani ameletewa zawadi. Alimkumbuka mwanamume mwenye kofia ya pikipiki mkononi. Aliikumbuka na ile kompyuta, jinsi ilivyomwachia weupe vidoleni.

"Basi niliandika habari ya vumbi," alisema. "Nina hakika. Vumbi ndilo lililonishtua."

"Kadi ingekuwepo ingekutetea."

Nesi alirudi msumarini kufikiri. Mzee Koleo hakuwa mtu wa kuruka kazi iliyoandikwa. Kama kadi ilisema vumbi, feni ingekuwa inang'aa. Feni ni chafu, na kilichofutwa ni kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Kwa hiyo kadi aliyoisoma mzee haikuwa ile aliyoiandika yeye. Labda zilibadilishana. Alivuta kadi ya thelathini na mbili, mwandiko wa Kipanya: *Ifutwe yote, inauzwa.*

Hii hapa! Kadi mbili zimepishana, kompyuta ya kuuzwa imebaki na mambo yake, ya mwalimu imefutwa. Alinyanyua simu ya kaunta, akampigia mwenye namba thelathini na mbili.

"Habari ya asubuhi. Tunafuatilia tu huduma. Kompyuta yako uliikuta imefutwa?"

"Imefutwa safi kabisa, nimeshaiuza juzi," ilijibu sauti. "Mungu awabariki."

Nesi alishukuru, akakata, akavunjika moyo kidogo. Kadi hazikupishana.

Ilibaki diski. Mtu aliyeiondoa hakutaka ionekane, na wakati wao wako ngazini juu walibaki watu wawili tu. Nesi alimtazama Kipanya. Siri ya Kipanya ilijulikana na wote: aliitamani meza ya dirishani. Kila mchana alikula chakula chake pale, akijifanya anafuata mwanga.

"Fungua droo yako," alisema Nesi.

"Nini?"

"Droo. Una diski humo, nimekuona nazo."

Kipanya alifungua kwa mshindo. Zilikuwamo diski saba. Nesi alizipanga juu ya kaunta, akasoma namba ya kila moja na kuilinganisha na namba iliyoandikwa kwenye daftari siku ya kupokea. Alifanya taratibu, mara mbili, akiziweka upande zilizokwisha. Hakuna iliyooana.

"Nesi, hapa si wodini," alisema Kipanya. Aliumia kweli. "Mimi meza ile naitaka, sikatai. Lakini naitaka mzee akistaafu tukamkatia keki, si akifukuzwa. Diski unaitafuta kwangu, na mwenyewe yuko stoo, kajifungia tangu saa tatu!"

"Nisamehe, kaka."

"Nitakusamehe ukishapata jibu. Nenda."

Mlango wa stoo ulikuwa mwisho wa korido, karibu na dumu la maji. Nesi aligonga.

"Shikamoo, mzee. Diski ya mwalimu unayo?"

"Marahaba. Nenda ukale, mwanangu."

"Bado asubuhi, mzee."

"Basi nenda ukanywe chai."

Nesi alibaki ameutazama mlango. Kadi imepotea, diski imefichwa, mlango umefungwa, na mwenyewe amekiri upesi mno. Kwa hesabu ya hospitalini huyo ndiye mwenye mashuka. Lakini alikumbuka pia ni nani aliyesema mpe bisibisi, akaona kuna mtu mmoja bado hajamhoji.

Shemeji wa mwalimu alipokea simu akiwa barabarani, honi zilisikika. Nesi alijitambulisha.

"Aa, dada wa Jumatatu! Yule mchangamfu. Shemeji analia tangu jana, mmefanyaje?"

"Ndiyo ninalotafuta, kaka. Nikumbushe, ulipoleta ulisema nini?"

"Nilisema inachemka kwa ajili ya vumbi. Shemeji anafundishia karibu na ubao, kuifunika hataki. Wewe ukaiangalia, ukacheka, ukasema inahitaji kuogeshwa."

"Halafu?"

"Halafu ukasema, usijali kaka, tutaifuta yote. Ukaandika pale pale."

Nesi alishika pembe ya kaunta. "Niliandika nini?"

"Hayo hayo. Ulikuwa unatamka huku unaandika, kama mtoto wa darasa la kwanza. I-fu-twe yo-te. Mie nikaondoka zangu." Honi ikalia. "Dada? Upo?"

"Nipo, kaka. Asante sana. Umenisaidia."

Aliweka simu chini taratibu. Kule hospitalini, kila mgonjwa aliporuhusiwa, Nesi alitundika kadi kwenye kitanda chake, na kwenye kadi yaliandikwa maneno mawili. *Ifutwe yote.* Kitanda, kabati na meza ya dawa, seti nzima, vilifutwa kwa kitambaa na dawa, kuanzia kichwani hadi magurudumuni. Miaka kumi na sita ya vitanda, mkono uliandika wenyewe. Alichungulia tena kadi ya Kipanya pale msumarini. Neno lilikuwa lile lile, herufi kwa herufi, na hapa maana yake ilikuwa usibakize kitu ndani.

Hakuna aliyebadilisha kadi. Mzee Koleo aliisoma kadi sahihi, akafanya kilichoandikwa.

Safari hii Nesi hakugonga kwa kidole, aligonga kwa kiganja.

"Mzee, fungua. Mwandiko ni wangu."

Kitasa kilizunguka. Stoo ilikuwa na joto. Katikati ya maboksi Mzee Koleo alikuwa ameweka kompyuta nzee ya mezani, na diski ya mwalimu imeunganishwa kwa waya ubavuni. Ilikuwa diski ya zamani, ile ya kuzunguka, inakoroma. Kwenye kioo mstari wa kijani ulikuwa umefika asilimia sabini na moja.

"Unazirudisha," alisema Nesi.

"Najaribu. Kufuta kule ni kung'oa kibao cha mlangoni, vitu huwa bado vimo ndani mpaka mtu aingize vingine. Lakini nilishaweka programu upya, kwa hiyo kuna nilivyovikanyaga. Sijui vingapi. Ningesema pale kaunta, ningempa mwalimu tumaini la bure."

"Na kadi?"

Mzee alifungua kipochi cha miwani. Kadi ilikuwamo, imekunjwa mara mbili.

"Niliitoa msumarini mwalimu alipoanza kulia," alisema. "Nilipoiangalia feni nikaelewa. Wewe ulitaka vumbi."

"Kwa nini hukusema?"

"Una siku nne. Uko kwenye majaribio miezi mitatu. Bosi angekurudisha nyumbani kabla chai haijachemka. Mimi nimebakiza mwaka na nusu nistaafu, mke wangu kila siku ananiuliza bustani nitalima lini." Alifuta miwani yake kwa pindo la shati. "Halafu kosa si lako peke yako. Nilikuta kompyuta imejaa watoto wa shule, nikasoma maneno mawili, nikafuta bila kupiga simu. Neno lina tumbo kubwa namna ile, fundi wa miaka thelathini nikalimeza bila kuuliza."

Nesi alinyoosha mkono. "Nipe kadi."

"Ukiitoa wewe ndiye unayeondoka."

"Nisipoitoa nitabaki, lakini nitakuwa nimekalia kiti chako. Kazi hii naipenda, mzee. Sijawahi kupenda kazi namna hii, na wewe ndiye uliyenipa. Siwezi kukulipa hivyo."

Mzee Koleo akaweka kadi kiganjani mwake na kusogeza stuli kwa mguu.

"Basi kaa. Zinarudi bila majina, zote zimeandikwa namba tu. Fungua moja moja, uangalie kama inacheza, uiite jina la mtu unayemwona."

Walifanya kazi hadi mchana ukapita. Nesi alifungua video moja baada ya nyingine, sauti ya mwalimu ikitaja anayeonyesha na maana ya ishara yake. Msichana mwenye pengo alionyesha mvua. Mapacha waligombana kwa mikono ni yupi aonyeshe kwanza. Mlinzi wa shule, kofia imekaa upande, alionyesha ndoo, jirani, homa, wivu, kila ishara mara mbili ili mtu asikose. Nesi alijikuta anacheka, halafu akakumbuka kwamba saa kumi inakuja na hii huenda ikawa siku yake ya mwisho kwenye stuli ile. Akaendelea kuzipanga. Zilizokataa kufunguka aliziandika pembeni. Mwishoni Mzee Koleo aliirudisha diski ndani ya kompyuta pamoja na video zake, wakaipeleka kaunta.

Saa kumi kasoro dakika tano mwalimu alikuwa kaunta. Bosi alitoka ofisini kwake. Kabla hajafungua mdomo Nesi aliweka kadi mbele yake na kuinyoosha mikunjo.

"Kadi ni hii. Mwandiko ni wangu. Nilitaka vumbi lifutwe, nikaandika ifutwe yote. Nilikotoka maana yake ni kitambaa na dawa. Mzee alifanya nilichoandika."

"Nilichosoma bila kuuliza," alidakia Mzee Koleo kutoka nyuma.

"Na mimi Jumatatu nilichelewa," alisema Kipanya.

Bosi aliwatazama mmoja mmoja. "Kuna mwingine anayetaka kuungama? Maana naona leo ni zamu." Hakuna aliyecheka. "Video je?"

"Mia sita na kumi na moja zimerudi," alisema Nesi. "Ishirini na tisa hazifunguki. Za mlinzi zimo mia moja na kumi na mbili."

"Ndizo zote," alisema mwalimu kwa sauti ndogo. "Alikuwa na mia na kumi na mbili. Nilimrekodi mwenyewe." Alivuta kiti akakaa, akajipangusa macho, na ghafla akaanza kucheka. "Yaani yote haya kwa ajili ya kufuta? Kwetu hizo ni ishara mbili." Alipitisha kiganja juu ya kaunta, kama anayeondoa vumbi. "Hii moja." Kisha akabana vidole hewani, akavuta kitu kisichoonekana, akafumbua vidole kikapotea. "Na hii nyingine. Watoto wangu wa darasa la kwanza wasingekosea."

Bosi hakucheka, lakini mdomo ulimcheza. "Mali ni yako, mwalimu. Sema unachotaka."

Nesi alitazama sakafu. Aliisikia feni ya dari ikizunguka.

"Zilizopotea ni za watoto ambao bado ninao," alisema mwalimu. "Nitawarekodi tena. Lakini peke yangu siwezi kushika kamera na kuwatuliza. Nataka huyu aje Jumamosi anishikie."

"Nitakuja," alisema Nesi. "Nitakuja hata Jumamosi kumi."

"Hapo nyinyi wawili mmemalizana," alisema Bosi. Aliichukua kadi, akaisoma, akaigeuza. "Mzee, mimi na wewe tutaongea habari ya vipochi vya miwani. Nesi, kadi hii ungeweza kuichana na nisingejua mpaka nakufa. Kesho saa mbili, kama kawaida. Na neno hili silitaki tena kaunta kwangu, lifutwe."

"Kwa maana ipi?" aliuliza Kipanya.

Hapo wakacheka wote, Bosi akiwemo.

Nesi alimuuliza mwalimu ishara ya asante. Akajifunza, akageuka, akamwonyesha Mzee Koleo aliyekuwa amesharudi dirishani. Mzee alikunja uso.

"Unanifukuzia nzi?"

"Nakushukuru, mzee."

"Aa," alisema, akashughulika na waya ambao haukuwa na tatizo lolote.

Mwalimu alisimama, akafunga kompyuta yake na kuitia kwapani. Alifika mlangoni.

"Subiri!" alisema Nesi. "Hiyo bado inachemka. Tangu Jumatatu hakuna mtu aliyeliondoa hilo vumbi."

Akaipokea kwa mikono miwili. Alivuta kadi mpya, akaandika namba hamsini na nne, na chini yake, akitamka silabi moja moja ili karakana nzima isikie: *Vumbi la chaki lipanguswe. Kilichomo ndani kisiguswe.* Akaipeleka meza ya dirishani. Mzee Koleo alivaa miwani, akasoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili, akainua uso.

"Samahani, fundi," alisema. "Hapa umemaanisha nini?"

Siku nne zote alikuwa amemwita Nesi, au mwanangu. Fundi mpya alivuta stuli, akamweleza neno kwa neno, kisha akachukua brashi na kuanza kazi.